Miguu imesuguliwa saluni, sugu imerudi: tatizo liko wapi?

Huduma za saluni za kuondoa ngozi ngumu miguuni zinafanya kazi. Mtu aliyeingia na visigino vinavyokwaruza shuka hutoka na visigino laini, na hilo halina ubishi. Malalamiko huanza baadaye: ulaini haukudumu, mguu unauma, kuna mahali pamegoma kabisa kutoka. Kila lalamiko lina sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo huonekana kwa macho ukijua pa kuangalia.

Cha kuelewa mapema ni jinsi sugu inavyojengeka. Ngozi ikibanwa au kusuguliwa mahali pamoja kila siku, huongeza kasi ya kutengeneza chembe mpya, huku zile zilizokufa zikishikamana tabaka juu ya tabaka badala ya kupukutika. Unyayo nao hauna tezi za mafuta. Una tezi za jasho tu, kwa hiyo hukauka upesi. Msasa, jiwe, wembe na dawa za saluni vyote hushughulika na tabaka lililokufa. Kinachoijenga sugu kimo ndani ya kiatu, katika namna unavyokanyaga, katika umbo la mifupa yako, au ni ugonjwa wa ngozi. Ndiyo maana mimi humuuliza mtu kwanza sugu iko wapi na imerudi baada ya muda gani, ndipo niulize alifanyiwa nini.

Kabla ya yote: wasiopaswa kukalia kiti cha saluni

Mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni na mwenye mzunguko hafifu wa damu asipelekewe msasa wala wembe wa saluni. Kwa mwenye kisukari sugu inaweza kuwa kifuniko cha kidonda. Juu unaona ngozi nene, pengine yenye doa la kahawia au damu iliyovilia kwa ndani. Chini yake nyama imeshaanza kuharibika, na mwenyewe hasikii maumivu kwa sababu mishipa yake ya fahamu imepoteza nguvu. Maji ya moto yanaweza kumuunguza bila yeye kushtuka. Huyu aende kwa mtaalamu wa miguu au kituo cha afya, na zile plasta za sugu zenye asidi asiziguse.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au za kushusha kinga ya mwili naye aseme mapema, kabla maji hayajamiminwa kwenye beseni.

Mguu ulikuwa laini, siku mbili tatu baadaye unakwaruza tena

Hiyo si sugu mpya. Ngozi haina mbio za kujenga sugu kwa siku tatu. Kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni kumalizia vibaya. Kikwangulio cha chuma chenye matundu huondoa ngozi nyingi kwa haraka, lakini huacha kingo zilizochanika, ndogo kiasi kwamba huzioni. Siku hiyo mguu una krimu na kingo zimelala. Krimu ikikauka zinasimama. Pitisha soksi nyepesi ya nailoni kisiginoni: ikinasa nasa, hilo ndilo tatizo. Dawa yake ni dakika chache za upande laini wa msasa, mguu ukiwa mkavu, kwa kuvuta upande mmoja. Ukipeleka na kurudisha unachana upya.

La pili ni maji. Mguu uliokaa nusu saa kwenye maji ya moto yenye sabuni hufyonza maji, ngozi ikavimba na kuwa nyeupe, na hata sugu nene huonekana imelainika. Maji hayo yakishakauka hurudi ilivyokuwa, pengine kavu zaidi, kwa sababu sabuni imeondoka na mafuta machache yaliyokuwepo. Dakika tano hadi kumi za maji ya vuguvugu zinatosha, na krimu ipakwe mara tu mguu ukishafutwa, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu.

La tatu ni kwamba pengine hakuna kilichoondolewa. Skrabu ya chumvi au sukari huokota magamba yaliyolegea tu. Nta ya moto na vibandiko vya udongo hufungia unyevu ndani ya ngozi kwa saa kadhaa. Ni starehe nzuri, sizikatai, lakini sugu iliyojengeka kwa miezi haiwezi kutolewa na sukari. Kama orodha ya huduma haitaji kusugua kwa msasa au mashine, ulilipia ulaini wa siku moja.

Inafaa pia kujua msasa mzuri unavyofanya kazi, ili umtazame anayekuhudumia. Ngozi iliyokufa ikisuguliwa kavu hutoa unga mweupe, mkavu, unaopeperuka, na mteja hasikii kitu zaidi ya mtetemo. Ikisuguliwa ikiwa imelowa, hutoka vipande vya kijivu vinavyoviringika kama taka za ufutio, na hapo ni vigumu hata kwa fundi mzoefu kujua amebakiza kiasi gani. Mahali pakianza kuwa na rangi ya waridi, au mteja akisema pamekuwa pa moto, kazi imekwisha hapo, hata kama bado kuna utando mgumu kidogo. Utando huo ubaki. Unyayo usio na kinga yoyote huchubuka siku ya kwanza ukivaa kiatu.

Imerudi baada ya wiki tatu hadi sita, palepale

Hapa saluni haina kosa. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo muda huo ndio wa kawaida wa sugu kujijenga upya ikiwa kinachoisababisha hakijaguswa. Watu wengi huamini kwamba kusugua ndiko kunakoifanya iote nene zaidi. Kusugua kwa kiasi hakufanyi hivyo. Inarudi kwa sababu mgandamizo ni uleule. Mahali ilipo hukwambia mgandamizo unatoka wapi.

Ukingo wa kisigino, kuzunguka nyuma na pembeni: tazama viatu vilivyo wazi nyuma. Chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta. Kila unapokanyaga, mto huo hutanuka kwenda pembeni, na kiatu kilichofungwa nyuma huuzuia. Ukivaa ndala au sandali kutwa nzima hakuna cha kuuzuia, ngozi ya ukingoni inavutwa, inakauka kwa upepo, inakuwa nene. Kusimama muda mrefu kwenye sakafu ngumu na uzito mkubwa wa mwili huongeza hali hiyo.

Sehemu ya mbele ya unyayo, nyuma tu ya vidole: mtuhumiwa wa kwanza ni kiatu cha kisigino kirefu, kinachosukuma uzito wote mbele. Wa pili ni soli nyembamba. Lakini wapo wanaopata sugu hapo wakiwa na viatu vya chini, hasa chini ya kidole cha pili, kwa sababu mfupa wa hapo umebeba zaidi ya fungu lake. Umri nao hupunguza mto wa mafuta ulio hapa mbele. Kwa hawa kinachosaidia ni soli ya ndani yenye kimto kinachokaa nyuma kidogo ya sehemu inayouma. Wengi hukiweka juu ya sugu yenyewe, na hapo kinaongeza mgandamizo badala ya kuupunguza.

Ubavu wa kidole gumba: unamalizia hatua yako kwa kubingiria upande huo, au kifundo cha kidole gumba kimeanza kutokeza nje na kiatu kinakibana.

Juu au ubavuni mwa kidole kidogo: kiatu ni chembamba mbele. Hapa sina la kuongeza. Badilisha kiatu.

Katikati ya kidole cha nne na cha tano: sugu ya hapa hulainishwa na jasho, huwa nyeupe na yenye majimaji, na karibu kila mtu hudhani ni fangasi. Ukipaka dawa ya fangasi kwa wiki kadhaa bila mabadiliko na mahali penyewe panauma ukivibana vidole, fikiria mifupa miwili inayogongana ndani ya kiatu chembamba. Kitenganishi laini cha vidole na kiatu kipana vitafanya zaidi ya msasa, ambao hapo haufiki wala haupaswi kufika.

Kupima kiatu si kazi ngumu. Jioni, mguu ukiwa umeshatanuka kwa shughuli za mchana, simama juu ya karatasi na umwombe mtu achore mstari kuuzunguka mguu wako. Weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukitokeza nje ya soli, umeona kwa nini. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya kama sentimita moja. Kisha toa soli ya ndani ya kiatu ulichovaa sana na uitazame kwenye mwanga: shimo lililobonyea na kung'aa kwa kawaida hukaa sawasawa na sugu yako.

Sugu ikiwa mguu mmoja tu, angalia jeraha la zamani, goti au nyonga inayokufanya uegemee upande, au fangasi, ambayo nitaifikia.

Na kuna sugu ya kuachwa. Nyembamba, haiumi, haipasuki, iko mahali unapokanyagia kwa nguvu: hiyo inakulinda. Wakimbiaji na wacheza densi wanalijua hilo, na hawamruhusu mtu aiondoe yote siku chache kabla ya mashindano au onyesho.

Kuna nukta moja inayochoma kila ukikanyaga, na kusugua hakusaidii

Sugu ya kawaida ni pana na maumivu yake ni ya jumla. Nukta moja inayochoma ni ama sugu yenye kiini au chunjua, na tofauti ina maana kubwa.

Sugu yenye kiini ina kitu kigumu, cheupe au cha manjano, kinachopenya ndani na kubonyeza mishipa ya fahamu. Mistari ya ngozi bado inapita juu yake. Ukiibonyeza moja kwa moja inauma. Saluni ikisugua juu unapata nafuu ya siku chache, kiini kikiwa kimebaki chini. Mtaalamu wa miguu hukitoa kwa kisu chembamba bila kutoa damu, na usipobadilisha kiatu, kiini kitarudi.

Chunjua husababishwa na kirusi. Mistari ya ngozi huizunguka bila kupita juu yake, na uso wake ukisuguliwa kidogo unaonyesha vidoa vyeusi, ambavyo ni mishipa midogo ya damu iliyoziba. Huuma zaidi ukiiminya kutoka pembeni kuliko ukiibonyeza. Ukiona dalili hizi, mwambie anayesugua aache hapohapo. Msasa unaweza kubeba kirusi hadi sehemu nyingine ya mguu wako au kwa mteja anayefuata. Dawa ya kawaida ya chunjua ni asidi ya salisiliki inayopakwa kila siku kwa wiki nyingi, au kugandishwa kwa baridi kali kituoni. Nyingine huondoka zenyewe, ingawa zinaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Unyayo mzima unatoa magamba na unga, hata ufanyeje

Msasa unapita, unga unatoka, kesho yake unga uko palepale. Kunja unyayo kidogo utazame mikunjo yake: kama kuna unga mwembamba mweupe ndani ya mistari, ukavu umepanda hadi pembeni mwa mguu, na kucha moja au mbili zimenenepa na kuwa za manjano, uwezekano mkubwa ni fangasi. Aina hii mara nyingi haiwashi wala hainuki, ndiyo maana mtu anaweza kuishi nayo miaka akiiita ngozi kavu. Alama nyingine ya ajabu kidogo: miguu yote miwili pamoja na kiganja kimoja cha mkono.

Hapa huduma ya saluni hupoteza fedha zako na huweza kusambaza fangasi kwa vifaa. Krimu ya terbinafini au klotrimazoli, ambazo ni dawa za fangasi, hupakwa unyayo mzima, si kwenye magamba tu, na huendelea hata baada ya ngozi kuonekana safi. Ngozi ikiwa nene sana, au kucha zimeshaingiwa, krimu peke yake huwa haitoshi na daktari anaweza kutoa vidonge. Kipimo chake ni kukwangua unga kidogo na kuutazama kwenye hadubini.

Mabaka mekundu yenye mipaka inayoonekana wazi na magamba mazito, hasa kama yapo pia viwikoni, magotini au kichwani, yanaelekeza kwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu. Hii ikisuguliwa kwa nguvu huchokozeka na kuongezeka. Usiende saluni nayo. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Magaga yanapasuka tena na tena

Gaga hupasuka kwa sababu ukingo wa kisigino umekuwa mnene na mkavu hadi hauwezi kutanuka mguu unapokanyaga. Kwa hiyo kusugua kunasaidia kweli, lakini kinachosuguliwa ni kingo nene za ufa, kidogo kidogo, na ufa unaotoa damu hauguswi mpaka ufunge. Nimeona wahudumu wakiukazania ufa wenyewe kana kwamba ni uchafu wa kuondolewa. Usikubali.

Kazi kubwa hapa ni ya nyumbani. Krimu yenye yurea asilimia 10 huvuta unyevu na inafaa kila siku. Ya asilimia 25 hadi 40 huvunja ngozi nene yenyewe na hupakwa kwenye unene tu, maana kwenye ufa ulio wazi inachoma vibaya. Ufa ulio wazi paka mafuta ya mgando na ufunike kwa plasta. Usiku: krimu, mafuta ya mgando juu yake, soksi za pamba. Mafuta ya mgando hayaongezi unyevu, yanauzuia usitoke, kwa hiyo ukiyapaka juu ya kisigino kikavu bila krimu wala maji chini yake hayatafika mbali. Mara moja au mbili kwa wiki, pitisha msasa laini mguu ukiwa mkavu. Anayefanya hivi akaenda saluni kila baada ya wiki nne hadi sita hupata matokeo ambayo saluni pekee haiwezi kumpa.

Mguu unauma, una moto au umevimba baada ya huduma

Maumivu ya juujuu, rangi ya waridi, unasikia kila kokoto: umesuguliwa kupita kiasi. Vaa soksi na kiatu laini, paka mafuta ya mgando, acha siku chache.

Mchomo ulioanza ukiwa bado kitini, halafu wekundu au malengelenge: dawa ya kulainisha sugu imekuunguza. Nyingi ya dawa hizo ni alkali kali zinazoyeyusha ngozi iliyokufa kwa dakika chache, na zikikaa zaidi au zikigusa mchubuko hazichagui ngozi iliyo hai. Suuza kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu. Usijaribu kuizimua kwa ndimu au siki.

Wembe wa kukwangulia umepigwa marufuku kwenye saluni katika majimbo mengi ya Marekani, na sababu yake ni rahisi: hauna kipimo cha kina. Kwangu mimi, saluni inayoutoa wembe mbele ya sugu ya kawaida ni ya kuondoka.

Wekundu unaotambaa, joto, usaha, homa, au mstari mwekundu unaopanda mguuni: ni maambukizi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Majipu yanayochelewa, yanayotokea wiki kadhaa baadaye kwenye miundi, nayo yatajiwe daktari pamoja na tarehe ya saluni. Mwaka 2000 huko California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipata majipu ya aina hiyo kutokana na bakteria aitwaye Mycobacterium fortuitum. Alikutwa kwenye mabeseni yenye mzunguko wa maji, ambamo nywele na mabaki ya ngozi yalikuwa yamejazana nyuma ya vichujio. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa kwenye hatari zaidi. Basi usinyoe siku hiyo wala jana yake, na pendelea beseni la kawaida lisilo na mabomba, linalosuguliwa na kutiwa dawa kila mteja anapoondoka. Jiwe na msasa wa karatasi haviwezi kutakaswa kwa sababu vina vijitundu. Viwe vipya, au uende na vyako. Kuhusu wale samaki wadogo wanaokula ngozi, huwezi kumtakasa samaki kati ya mteja mmoja na mwingine ukabaki na samaki.

Soksi za kumenya: hakuna kilichotokea, au zimemenya kupita kiasi

Hizi ni soksi za plastiki zenye asidi za matunda, kama glikoliki na laktiki, ambazo saluni nyingi sasa huzitoa na wengine huzivaa nyumbani. Hazionyeshi kitu siku ileile. Kumenyeka huanza kati ya siku ya tatu na ya saba na huweza kuendelea hadi wiki mbili, kwa hiyo anayelalamika siku ya pili amewahi. Zikishindwa kabisa, kwa kawaida sugu ilikuwa nene kuliko nguvu ya asidi. Hutoa vizuri ngozi nyembamba ya katikati ya unyayo, ambayo haikuwa na shida, na kuuacha ukingo wa kisigino. Usirudie wiki hiyo. Rudi kwenye yurea na msasa.

Zikimenya hadi pakawa pekundu na panauma, ziliwekwa muda mrefu kuliko maelekezo au kulikuwa na michubuko. Ngozi inayoning'inia ikate kwa mkasi safi, usiivute, kwani huishia kung'oa iliyo hai. Na kama ulikuwa na miadi ya kusuguliwa wiki hiyo, isogeze mbele mpaka kumenyeka kuishe.